Hukusema Maji Gani

Mabinti, na nyinyi akina mama wenzangu mnaolala huku sikio moja liko chumba cha binti, haya ninayoandika sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, nyumbani kwangu, nikiwa nimeshika sinia la vikombe. Yasomeni taratibu. Mkifika mahali pa kucheka, chekeni tu, maana hata sisi siku ile tulianza kwa kucheka.

Jumapili hiyo nyumba yangu ilikuwa imevaa. Pazia jipya sebuleni, vitambaa vya makochi vimepigwa pasi, sakafu imesuguliwa mpaka unaona kidevu chako. Baba watoto alikuwa ndani ya koti lake la kijivu, lile linalombana kwapani, na nilikuwa nimeshamkataza asilivue. Wifi yangu, shangazi yao watoto, alikuwa amejichagulia kiti kikubwa kuliko vyote, mkoba mapajani kama hakimu.

"Hebu niambieni tena," alisema. "Huyo bwana anauza samaki?"

"Hauzi samaki, wifi. Anatengeneza matangi ya vioo ya kufugia samaki. Watu wanaweka maofisini, mahotelini."

"Samaki wa kula?"

"Wa kuangalia."

"Wa kuangalia!" Akapiga makofi. "Samaki hakaangwi, hatiwi mchuzini, anaangaliwa tu kama picha ya harusi! Na mtoto wetu huko atakula nini? Ataangalia?"

"Afadhali hanuki shombo," alisema baba watoto, akijaribu kunyoosha mkono ndani ya lile koti.

Tukacheka wote. Mwanangu naye alicheka, akiwa amesimama mlangoni na gauni la kijani nililomshonea kwa ajili ya siku hiyo. Pindo nililifumua mara mbili, kwanza likiwa refu, kisha likiwa fupi, mpaka akaniambia, "Mama, ananijua na sare ya kazini, atanijua tu." Huyu ndiye mtoto wangu wa mwisho. Tulimwita Kitinda tangu yuko mgongoni, na jina likamganda hata alipokuwa mtu mzima mwenye mshahara wake.

"Mama," aliniita pembeni, "akiingia nikae wapi?"

"Kaa popote. Usikae kama mgonjwa tu."

"Na nikitetemeka?"

"Mikono weka mapajani. Nani atakuona?"

"Yeye ataona," alisema, na macho yake yaling'aa vile ambavyo mama hapendi kuona macho ya bintiye yaking'aa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajafika.

Mapenzi yao yalianzia kwenye kliniki ya meno anakofanya kazi Kitinda, pale mapokezi. Daktari alitaka tangi la samaki wa baharini kwenye chumba cha kusubiria, ili watoto wakiangalia samaki wasahau sauti ya mashine. Akaletwa fundi. Kijana mrefu, mpole, mikono imekauka kwa chumvi, na tabia ya kuinama usawa wa kioo na kutazama maji kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Kitinda alikuwa anamwangalia kutoka nyuma ya meza yake. Siku moja fundi akageuka ghafla wakagongana macho, na mwanangu akampa mgonjwa kadi ya mgonjwa mwingine. Hayo alinisimulia mwenyewe, akijifunika uso kwa kanga.

Baadaye fundi alimletea tangi dogo lake mwenyewe. Tulikosa pengine pa kuliweka pasipopigwa na jua, likawekwa koridoni, mkabala na cherehani yangu. Kwa hiyo kila jioni walipokuwa wakilishughulikia, mimi nilikuwa pale nikishona, na wao wakiniona kama mto wa kochi.

Alimfundisha tangu mwanzo kabisa. Alimwambia asioshe kioo kwa sabuni, maana sabuni hubaki hata usipoiona. Walisawazisha meza kwa kukunja karatasi chini ya mguu mmoja, kwa sababu tangi likiinama kidogo, maji hulemea upande mmoja na kioo kitapasuka. Kisha mchanga mweupe. Kisha chumvi. Mimi nilitaka kuwapa ya jikoni, fundi akacheka kwa heshima, "Hapana mama, hii ya kwetu ina mambo mengi ndani yake." Wakaikoroga kwenye ndoo, wakatumbukiza kipima chumvi, kile kidude cha plastiki chenye mshale, na wote wawili wakainamisha vichwa kuusoma mshale mmoja. Mshale huo ulikuwa mkubwa vya kutosha kusomwa na mtu mmoja, lakini sikusema kitu.

Wakaweka mawe yaliyotoka baharini, yenye vijidudu visivyoonekana. Halafu ikawa ni kungoja.

"Samaki wataingia lini?" Kitinda alimuuliza.

"Tangi likiiva."

"Linaivaje bila moto?"

"Ndani kunazaliwa vijidudu vya kula uchafu. Vikiwa vichache, samaki anakufa kwa uchafu wake mwenyewe. Vinataka muda. Ukiharakisha unaua."

"Basi nitangoja."

"Wewe una subira," alisema fundi, akamtazama, na akasahau kufunga chupa ya dawa ya kupimia. Mguu wangu ulisimama juu ya pedali. Nilijua pale pale kwamba mwanangu ameshakwenda.

Tangi likaiva, wakaingia samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Halafu fundi akapata kazi kubwa, hoteli ya mji mwingine, miezi mingi. Jioni ya mwisho alichora mstari kwenye kioo kwa kalamu ya wino mzito.

"Maji yakishuka chini ya hapa, ongeza maji," alimwambia. "Usiache yapungue."

Na kesho yake kituo cha mabasi, Kitinda akilia mbele za watu, alimwambia neno lingine moja. "Nisubiri."

Mwanangu akayashika yote mawili, mkono huu na mkono huu.

Simu zilikuwa za kila jioni, zikawa za jioni moja moja. Yule daktari wa meno akamwita ofisini akamwambia kuna nafasi ya kusomea usaidizi wa daktari, kliniki itamlipia, ila ni mbali na ni muda mrefu. Akakataa. Nilimuuliza sababu akanijibu kana kwamba nimeuliza jambo la kijinga, "Mama, nimeambiwa nisubiri." Nafasi akapewa mwenzake wa dirisha la pili.

Na kwenye tangi kulianza kuota ukoko mweupe pembezoni mwa kioo. Samaki wakaacha kula. Mmoja akafa. Kitinda alimpigia fundi, fundi akasema, "Nikirudi nitaona." Mwanangu alikuwa akipima chumvi yake kwenye ndoo kwa uangalifu kuliko mimi ninavyopima kitambaa cha bibi harusi, na kila maji yakishuka chini ya mstari, anaongeza.

Siku fundi aliporudi mjini, mwanangu alimpigia mbele yangu. Nilisikia upande mmoja tu. "Jumapili uje nyumbani. Wazee wote watakuwepo. Jambo letu limengoja sana, na hali si nzuri." Akasikiliza, akatabasamu. "Haya. Njoo umalize." Akakata simu akanikumbatia. "Anakuja, mama! Amesema anajua hali ilivyo, na atakuja na kila kitu."

Basi ndiyo tukavaa.

Hodi ilipopigwa, baba watoto alisimama akafunga kifungo. Wifi akaketi wima. Mlango ukafunguliwa, akaingia fundi, peke yake, na shati lake la kazi lenye madoa, begi la mipira ya maji begani na ndoo yenye kifuniko mkononi.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu, marahaba, pita," alisema wifi, macho kwenye ndoo. "Na hicho ulichotubebea ni nini?"

"Maji, shangazi."

"Maji! Basi wewe ni mtu wa heri." Akanikonyeza. "Wenzako huja na wajomba zao, wewe umekuja na maji."

Fundi akatabasamu bila kuelewa. Akatazama makochi, koti la mume wangu, meza iliyotandikwa. "Naona mna sherehe. Sitawachelewesha. Tangi bado liko koridoni?"

Nyumba ikaangua kicheko. "Ana haya, masikini!" wifi alisema. "Anataka kumwona mwenzake kwanza. Nendeni, nendeni, sisi hatuna haraka."

Mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia mwanangu. Macho yake yalitoka usoni kwa yule kijana, yakateremka kwenye shati, yakafika kwenye ndoo, yakabaki hapo.

Walikwenda koridoni, nami nikaingia jikoni kuchukua vikombe. Mlango wa jikoni yangu haufungi sawasawa.

"Huyu mmoja bado anahema," nilimsikia fundi akisema. Nikasikia akichota maji kuyapima. "Mungu wangu. Kitinda, mshale umegonga juu kabisa. Umekuwa ukiongeza maji gani?"

"Ya chumvi."

"Ya chumvi?"

"Kwa kipimo chako. Sikuzidisha hata punje."

"Lakini chumvi haikauki! Kinachokauka ni maji peke yake, chumvi inabaki humo humo. Ukiongeza ya chumvi unatia chumvi juu ya chumvi. Inatakiwa kuongeza maji matupu, yasiyo na kitu."

"Hukusema."

"Hilo kila mtu analijua."

"Mimi sikulijua. Ulisema ongeza maji. Haya yalikuwa maji ya bahari, nikaongeza maji ya bahari. Hukusema maji gani."

Sauti yake ikashuka, na nasema kweli, ilikuwa sauti nzuri, ndiyo maana nawaandikia. Angekuwa mkatili ningemfukuza kwa mwiko. "Ni kweli. Kosa langu. Nilipaswa kukuambia."

"Na lile la pili?"

"Lipi?"

"Kituoni. Uliniambia nikusubiri."

"Ndiyo."

"Nimesubiri. Wale pale sebuleni unafikiri wamevaa kwa ajili ya nani?"

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Kitinda," alisema, "wewe kwenye simu ulisema jambo letu hali yake si nzuri. Mimi nikajua samaki."

"Samaki."

"Uliniambia mmoja amekufa. Ulisema wazee watakuwepo, nikadhani unanionya nije na nguo safi, nikasahau."

Mabinti, mimi mkono ulikuwa ndani ya kopo la sukari na sikujua nautoa vipi.

"Kuna mwingine?" mwanangu aliuliza.

"Hapana. Ningekuwa na mwingine ningekuwa na la kukuambia."

"Sasa uliposema nisubiri, ulitaka nisubiri nini?"

"Sijui. Nilikuwa na begi mkononi, basi linanguruma, wewe unalia. Mtu anayeondoka anasema nini?"

"Anasema kwaheri."

Wale wa sebuleni walikuwa wamepunguza sauti.

"Nakupenda nikiwa karibu nawe," alisema fundi. "Huo si uongo. Nikiwa hapa, nikiinama hapa na wewe, sitaki kwenda popote. Lakini kule siku nzima ilikuwa inapita sijakukumbuka, halafu nikikumbuka naona aibu kupiga. Ningekuja leo na wazee wangu ningekuwa nakudanganya."

"Daktari alitaka kunipeleka shule," mwanangu alisema polepole. "Kusomea kazi. Nikamwambia siwezi, nimeambiwa nisubiri."

"Hukuniambia habari hiyo!"

"Ningekuambia ungesemaje?"

"Ningekuambia nenda."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa ajili ya samaki, wala kwa kuachwa. Alilia aliposikia kwamba mlango aliokuwa ameufunga kwa ajili ya fundi, fundi mwenyewe angeufungua kwa neno moja, bila hata kufikiri. Nilimwona kwa upenyo, amesimama na gauni lake la kijani, mikono inaning'inia, na yule kijana amenyoosha mkono wake mkavu ule, hajui auweke wapi, akaurudisha.

"Nitoke kwa mlango wa jikoni?" alimuuliza. "Nitasema nimepata dharura."

"Hapana. Kwanza mtoe huyu samaki. Anaweza kupona?"

"Nikimshusha chumvi kidogo kidogo, labda. Sio kwa siku moja."

"Basi mchukue. Na utoke kwa mlango ulioingilia."

Wifi naye hakuweza kungoja tena. Akachungulia koridoni. "Bwana Samaki! Mnazungumza kama mnagawa urithi. Njoo useme neno lako, chakula kinapoa!" Kisha akaona uso wa Kitinda. Akarudi nyuma mpaka ukutani kumpisha, na wifi yangu huyo sijawahi kumwona akimpisha mtu, hata msibani.

Mwanangu alipita mbele yake. Nami nikatoka na sinia langu la vikombe, kwa sababu sikuweza kumwacha aende peke yake. Akasimama katikati ya sebule.

"Baba. Shangazi. Fundi amekuja kuangalia samaki. Mimi nilimwita nikamwambia vibaya, naye alinielewa vingine. Hana kosa. Msimuulize kitu."

"Wewe ulituambia..." baba yake alianza.

"Nilikosea, baba."

Alisema vile mbele ya fundi, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo ya samaki mikononi, na begi begani. Nikamwangalia yule kijana nikangoja aseme kitu. Aseme hapana, hakukosea, mimi ndiye. Alifungua mdomo kabisa. Kisha akatazama chini, akasema, "Samahanini sana. Naomba kupita."

Mikono yake ilikuwa imejaa, hakuweza kushika kitasa. Tukabaki tumesimama. Mwishowe baba watoto, na koti lake lile, akaenda akamfungulia mlango. Akaushikilia wazi kama mlinzi wa hoteli mpaka mgeni amalize kutoka. Hilo ndilo sitamsamehe yule kijana, kuliko mengine yote.

Pale kizingitini fundi aligeuka. Kitinda alikuwa amemfuata hatua chache, bila kujua anamfuata. Akamwambia kitu kwa sauti ya chini, akashuka ngazi, ndoo ikigonga gonga gotini.

Baba watoto akafunga mlango. Akavua koti, na mimi sikumkataza.

Nataka mnisikilize hapa, mabinti. Sisemi msipende. Nasema mwanamume akikupa neno, usilichukue lilivyo ukaenda nalo kulitunza. Mfungue mdomo pale pale. Nisubiri mpaka lini? Kwa ajili ya nini? Nikishasubiri kunakuja nini? Akiona unamsumbua, aone. Mpole ndiye wa kuulizwa zaidi, maana mkali utamjua mwenyewe, lakini mpole atakuachia ujijazie, na utajijazia kwa yale unayoyataka wewe. Nanyi akina mama, mkimsikia binti anasema "nimeambiwa", muulizeni na nyinyi.

Chakula kilipakuliwa kwa sababu kilikuwa kimeshapikwa. Kitinda ndiye aliyepakua. Alimjazia kila mtu sahani, akanyoosha vijiko, akasema, "Shangazi, si ulisema kinapoa?" Wifi yangu akaanza kula haraka haraka, huku machozi yanamdondokea, na hakusema neno lolote la samaki.

Mimi na Kitinda tuliosha vyombo pamoja. Alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha takata. Nikamnyang'anya nikampa taulo. Alikausha sahani ya kwanza, akakausha ya pili, kisha akaniinamia, na yale macho, Mungu wangu, yalikuwa yameng'aa tena.

"Mama," alisema kwa kunong'ona, "pale mlangoni amesema 'tutaonana'. Ulimsikia?"

Nilimsikia. Nilikuwa nyuma yake kabisa.

"Sikusikia kitu, mwanangu," nikamwambia. "Lete hiyo sahani."